Usawa wa kijinsia katika mikopo ya maendeleo: Unaanzia wapi, unakwamia wapi?

Na Mwandishi Wetu

KILA Benki ya Dunia au Benki ya Maendeleo ya Afrika (AfDB) inapotangaza mkopo mpya kwa nchi zetu, tangazo hilo huwa na sentensi inayofanana na ile ya mkopo uliotangulia: kwamba mradi utazingatia usawa wa kijinsia. Mkopo uwe wa barabara, wa maji, wa umeme au wa shule, sentensi hiyo haikosekani. Wasomaji wengi huipita kama wanavyozipita salamu za mwanzo wa barua.

Hata hivyo, yapo matukio mawili ya ukanda wetu yanayoonyesha kwamba sentensi hiyo si ya kupitwa. Mwaka 2015 nchini Uganda, mradi wa barabara ulifutiwa fedha baada ya kubainika kwamba wasichana wa vijiji vilivyopitiwa na barabara hiyo walifanyiwa ukatili wa kingono na wafanyakazi wa ujenzi. Mwaka 2018 nchini Tanzania, mkopo wa elimu ya sekondari wa dola milioni 300 za Marekani uliwekwa kando, sababu mojawapo ikiwa ni msimamo wa serikali kuhusu wasichana wanaopata mimba wakiwa shuleni. Katika matukio yote mawili, suala la jinsia lilitoka katika aya ya waraka likaamua hatima ya fedha.

Makala haya yanaeleza namna suala hilo linavyoingizwa katika mikopo ya maendeleo, kuanzia uchambuzi wa awali hadi usimamizi wa ujenzi, na mahali ambapo ahadi iliyoandikwa vizuri huanza kuvuja.

Deni ni la wote

Kwanza tukumbushane jambo ambalo husahaulika. Mikopo mingi ambayo Benki ya Dunia huzipa nchi maskini hupitia chombo chake kiitwacho Shirika la Maendeleo la Kimataifa (IDA). Masharti yake ni nafuu, riba ni ndogo au haipo kabisa, na malipo hutandazwa kwa kipindi kirefu, mara nyingi miaka 30 au zaidi. Lakini nafuu si bure. Deni hulipwa kwa kodi, na kodi hulipwa na muuza samaki wa Feri kama inavyolipwa na mwenye duka wa Kariakoo.

Kwa maneno mengine, wakati wa kulipa deni hakuna anayeulizwa kama ni mwanamke au mwanamume. Swali la jinsia hutokea wakati wa kugawana manufaa na kubeba madhara. Nani alipata kibarua katika ujenzi? Nani aliandikwa jina katika hati ya ardhi? Nani alipunguziwa safari ya kuteka maji, na nani aliongezewa mzigo? Hayo ndiyo maswali ambayo uchambuzi wa kijinsia unatakiwa kuyajibu kabla ya saini kutiwa.

Nusu karne ya sera

Safari hii ni ndefu. Mwaka 1970 mchumi wa Denmark, Ester Boserup, alichapisha kitabu kilichoonyesha kwamba katika sehemu kubwa ya Afrika mwanamke ndiye mkulima, wakati mafunzo, zana na mazao ya biashara yalielekezwa kwa wanaume. Mwaka 1977 Benki ya Dunia ikateua mshauri wake wa kwanza wa masuala ya wanawake katika maendeleo.

Miaka ya 1980 ilileta mipango ya kurekebisha uchumi. Serikali zilibana matumizi, watumishi walipunguzwa, na huduma zilizokuwa bure zikaanza kulipiwa. Wachambuzi wengi, hasa wachumi wanawake, walieleza kwamba hesabu za bajeti zilionyesha nafuu ambayo haikuwa ya kweli. Mgonjwa aliyeruhusiwa mapema hospitalini bado alihitaji kulishwa, kuogeshwa na kukeshewa. Kazi hiyo haikutoweka. Ilihamia nyumbani, mikononi mwa mama, dada na binti, ambako hailipwi wala haihesabiwi katika pato la taifa.

Mwaka 1994 Benki ilitoa sera rasmi kuhusu nafasi ya jinsia katika maendeleo. Mwaka uliofuata ulifanyika mkutano mkubwa wa dunia wa wanawake mjini Beijing, ambao Katibu Mkuu wake alikuwa Mtanzania, Gertrude Mongella. Rais wa Benki ya Dunia wa wakati huo, James Wolfensohn, alihudhuria. Mwaka 2001 ikatoka ripoti kubwa ya utafiti iliyohitimisha kwamba jamii zinazobagua kwa misingi ya jinsia hulipia ubaguzi huo kwa umaskini zaidi na ukuaji mdogo wa uchumi. Tangu hapo mikakati imefuatana, na wa karibuni zaidi ni ule uliotolewa mwaka 2024 ukilenga hadi mwaka 2030.

Karatasi, basi, hazikupungua. Lakini tathmini ya kitengo huru cha Benki yenyewe, iliyotolewa mwaka 2010 ikiangalia kipindi cha 2002 hadi 2008, iliona kwamba jitihada zilipanda mwanzoni kisha zikalegea, na kwamba ufuatiliaji wa matokeo ulikuwa dhaifu.

Kaya si mtu mmoja

Mlango wa kwanza ambamo usawa huingia au hukwama ni uchambuzi. Kwa miongo mingi, mtaalamu aliyetaka kupima umaskini alibisha hodi mlangoni, akamwuliza mkuu wa kaya kuhusu mapato na matumizi, akajumlisha, kisha akagawanya kwa idadi ya watu wa nyumba hiyo. Kwa hesabu hiyo, baba, mama na watoto huonekana wana kipato sawa, kana kwamba sufuria moja lina maana ya mfuko mmoja. Mwenye kuishi katika kaya yoyote anajua kwamba sivyo.

Mabadiliko yalianza pale maswali yalipobadilishwa. Mfano mzuri ni utafiti wa kaya unaofanywa na Ofisi ya Taifa ya Takwimu ya Tanzania tangu mwaka 2008/09, ambao hurudi kwa kaya zilezile kila baada ya muda. Utafiti huo, ulioungwa mkono na Benki ya Dunia, hauishii kuuliza kaya ina mashamba mangapi. Unauliza kila kipande cha shamba kinasimamiwa na nani.

Swali hilo dogo lilizaa matokeo makubwa. Mwaka 2015 Benki ya Dunia na shirika la Umoja wa Mataifa la wanawake, UN Women, pamoja na washirika wao, walitoa ripoti kuhusu Malawi, Tanzania na Uganda. Ripoti ilionyesha kwamba pengo la tija kati ya mashamba yanayosimamiwa na wanaume na yale yanayosimamiwa na wanawake lilikuwa asilimia 28 Malawi, asilimia 16 Tanzania na asilimia 13 Uganda. Ilikadiria kwamba kuliziba pengo hilo kungeongeza pato la taifa la Tanzania kwa dola milioni 105 na la Malawi kwa dola milioni 100, na kwamba Watanzania wapatao 80,000 wangetoka katika umaskini.

La muhimu zaidi ni sababu. Kwa upande wa Tanzania, sehemu kubwa ya pengo ilitokana na upungufu wa nguvukazi ya wanaume wa familia katika mashamba ya wanawake. Mwanamke hutoa mikono yake katika shamba la mume, lakini shamba lake, hasa akiwa mjane au ametalikiwa, halipati mikono ya mwanamume. Na anapofika shambani amekwisha kuteka maji, kupika na kulea.

Hapo ndipo uchambuzi unapogeuza mradi. Kama tatizo lingekuwa ujuzi, mkopo wa kuwaleta mabwana shamba ungetosha. Lakini kama tatizo ni mikono na muda, basi dawa ni mtaji wa kuajiri vibarua, zana zinazopunguza kazi, maji ya karibu na mahali pa kuwaacha watoto. Asiyeuliza shamba ni la nani hutibu ugonjwa ambao mgonjwa hana.

Mstari mmoja katika fomu

Mlango wa pili ni usanifu wa mradi. Katika mpango wa barabara za vijijini nchini Peru, uliofadhiliwa kwa mikopo ya Benki ya Dunia na benki ya maendeleo ya bara hilo, wataalamu walianza na barabara za magari. Wanawake waliposhirikishwa walieleza kwamba wao hawapiti huko. Hutembea kwa miguu, wakiswaga mifugo, kupitia vijia vinavyounganisha mashamba, visima na masoko. Vijia hivyo vikaingizwa katika mpango na kukarabatiwa. Bila swali hilo, fedha zingejenga barabara nzuri ambayo nusu ya wakazi hawakuihitaji sana.

Wakati mwingine usawa hukwama katika jambo dogo kama fomu. Mradi wa kupima na kumilikisha ardhi unaweza kuandikwa kwa maneno mazuri, lakini fomu ya maombi ikiwa na mstari mmoja tu wa jina la mmiliki, jina litakaloandikwa linajulikana. Katika mkoa wa Amhara nchini Ethiopia, hati ya ardhi ya wanandoa huandikwa majina ya mume na mke na kubandikwa picha za wote wawili. Asiyejua kusoma naye huona uso wake, na ni vigumu kumwambia kwamba ardhi si yake.

Tanzania nayo ina msingi wa kisheria. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inatamka haki sawa ya mwanamke kumiliki ardhi, na inataka baraza la ardhi la kijiji lenye wajumbe saba liwe na wanawake wasiopungua watatu. Hata hivyo, sheria na utekelezaji ni vitu viwili. Ripoti ya Benki ya Dunia ya mwaka 2024 kuhusu wanawake, biashara na sheria, iliyopima uchumi 190, ilionyesha kwamba kwa wastani wanawake wana chini ya theluthi mbili ya haki za kisheria walizonazo wanaume, na kwamba mifumo ya kuzitekeleza sheria hizo haifiki asilimia 40 ya inayohitajika.

Ili kudhibiti miradi yake, Benki ilianzisha utaratibu wa alama ya jinsia. Mradi hupata alama hiyo ukitimiza mambo matatu: uchambuzi unaotaja pengo mahususi kati ya wanawake na wanaume, hatua za kulipunguza, na kipimo cha kuonyesha kama limepungua. Mradi wenye uchambuzi bila hatua, au hatua bila kipimo, haustahili. Huo ni utaratibu mzuri, lakini una udhaifu mmoja: alama hutolewa mradi unapoandaliwa na kuidhinishwa. Haisemi lolote kuhusu kilichotokea baada ya matingatinga kufika.

Yaliyotokea Kamwenge

Mlango wa tatu, ambao ndio mgumu kuliko yote, ni usimamizi. Barabara ya Kamwenge hadi Fort Portal, magharibi mwa Uganda, ina urefu wa kilometa 66. Kwa hesabu ya kawaida ya wachumi, ilikuwa mradi mwema: mazao yangefika sokoni, wagonjwa wangefika hospitalini, nauli ingeshuka.

Ujenzi ulipoanza, mamia ya wanaume wasio na familia zao, wenye mishahara, waliingia katika vijiji maskini. Desemba 2014 wananchi wa eneo hilo waliwasilisha malalamiko Benki ya Dunia. Walieleza kuhusu wafanyakazi waliofanya ngono na wasichana wadogo, mimba, wanafunzi walioacha masomo, na watoto waliozaliwa bila baba wa kuwatunza. Desemba 2015 Benki ilifuta fedha za mradi, na rais wake wa wakati huo, Jim Yong Kim, akakiri hadharani kwamba kulikuwa na kasoro kubwa, zikiwamo za Benki yenyewe.

Jopo la Ukaguzi la Benki, ambalo husikiliza malalamiko ya wananchi wanaoathiriwa na miradi, lilichunguza na kutoa taarifa mwaka 2016. Moja ya mambo liliyoyabaini ni kwamba hatari ya kuingiza wafanyakazi wengi katika jamii ya vijijini haikutathminiwa ipasavyo. Wahandisi walipima udongo, madaraja na mitaro. Hakuna aliyepima kwa uzito huohuo usalama wa msichana anayepita kambi ya ujenzi akienda shule.

Kamwenge ilibadili kanuni. Oktoba 2016 Benki iliunda kikosi kazi cha kimataifa kuhusu ukatili wa kijinsia katika miradi. Oktoba 2018 ulianza kutumika mfumo mpya wa kulinda mazingira na jamii, unaotaka hatari kama hizo zitathminiwe mapema. Tangu Januari 2021, mkandarasi wa kazi kubwa anayekiuka wajibu wake wa kuzuia unyanyasaji wa kingono anaweza kuzuiwa kupata zabuni zinazofadhiliwa na Benki kwa miaka miwili. Kwa mara ya kwanza, kosa la namna hiyo linagusa mfuko wa mkandarasi moja kwa moja.

Lakini tusisahau upande wa pili. Kufuta fedha za barabara hakukumrudisha msichana darasani wala kumnunulia mtoto maziwa. Ilibidi Benki isaidie mpango mwingine wa dharura wa kuwalinda watoto wa eneo hilo. Adhabu ilikuwa kwa mradi. Madhara yalikwisha kubaki kijijini.

Mkopo wa shule Tanzania

Mtanziko huo ulionekana wazi zaidi Tanzania. Kwa miaka mingi, wanafunzi waliopata mimba walikuwa wakiondolewa shuleni, jambo lililohusishwa na kanuni za mwaka 2002 za kufukuza wanafunzi kwa makosa ya kimaadili. Juni 2017 Rais John Magufuli alitangaza hadharani, akiwa mkoani Pwani, kwamba katika uongozi wake hawatarudi katika shule za serikali.

Novemba 2018 Benki ya Dunia iliahirisha mkopo wa dola milioni 300 uliokusudiwa kuboresha elimu ya sekondari. Mazungumzo yalifuata. Januari 2020 bodi ya Benki ilitarajiwa kuupigia kura mkopo uliokuwa umepanuliwa, lakini uamuzi ukaahirishwa baada ya wanaharakati na mbunge wa upinzani, Zitto Kabwe, kuiomba Benki isiuidhinishe. Machi 31, 2020, bodi iliidhinisha dola milioni 500. Wasichana waliopata mimba wangepatiwa nafasi ya kuendelea kupitia njia mbadala nje ya shule za kawaida.

Hoja za pande mbili zilikuwa nzito. Waliounga mkono mkopo waliuliza: je, ni haki kuwanyima madarasa, walimu na vyoo mamia ya maelfu ya wasichana na wavulana kwa sababu ya msimamo ambao hawakuuweka wao? Waliopinga waliuliza: je, ni haki kumkopesha fedha, ambazo naye atazilipia kodi maisha yake yote, msichana asiyeruhusiwa kuingia katika darasa litakalojengwa kwa fedha hizo? Nao waliongeza kwamba njia mbadala, hata ikiwa nzuri, hubaki kuwa mlango wa nyuma.

Novemba 24, 2021, katika uongozi wa Rais Samia Suluhu Hassan, Waziri wa Elimu, Profesa Joyce Ndalichako, alitangaza kwamba wanafunzi walioacha masomo kwa sababu ya ujauzito wataruhusiwa kurudi katika shule za kawaida. Mwaka 2022 Kamati ya Wataalamu ya Umoja wa Afrika inayoshughulikia haki za mtoto ilitoa uamuzi kwamba kuwafukuza wasichana hao kulikiuka haki zao.

Itakuwa kosa kusema kwamba mkopo ndio uliobadilisha sera. Yalikuwapo mabadiliko ya uongozi, kelele za muda mrefu za asasi za kiraia, na shauri mbele ya chombo cha Afrika. Lakini pia itakuwa kosa kusema kwamba mkopo haukuhusika. Uliufanya uamuzi wa ndani uwe na gharama inayoonekana, na ukalifikisha suala la msichana mmoja mmoja katika meza ambako kwa kawaida hujadiliwa riba na viwango vya ubadilishaji wa fedha.

Kwa nini lugha ya faida?

Msomaji anaweza kujiuliza kwa nini nyaraka za mikopo husema usawa wa kijinsia "unaongeza tija" badala ya kusema tu kwamba ni haki. Jibu moja limo katika mkataba ulioanzisha Benki ya Dunia, ambao unaitaka itoe maamuzi kwa kuzingatia masuala ya kiuchumi na isiingilie siasa za nchi wanachama. Ndiyo maana hata jambo la haki huvishwa vazi la hesabu ili lipite mlangoni.

Vazi hilo lina manufaa, kwani waziri wa fedha huelewa haraka hoja ya dola milioni 105. Lakini lina hatari yake. Haki inayotetewa kwa faida pekee huachwa siku faida isipoonekana. Kumlinda msichana wa Kamwenge hakuhitaji kuthibitishwa kwamba kunaongeza pato la taifa.

Maswali ya mwananchi

Tangu mwaka 2010 sera ya Benki ya Dunia inataka nyaraka nyingi za miradi ziwekwe wazi, na zinapatikana kwa mtu yeyote mwenye intaneti. Mbunge, mwandishi wa habari au mwananchi wa kawaida anayekutana na sentensi ile ya "mradi utazingatia usawa wa kijinsia" anaweza kuipima kwa maswali machache.

Je, waraka unataja pengo gani hasa, au unasema "wanawake na makundi maalumu" bila kufafanua? Je, hatua iliyoahidiwa ina fungu lake katika bajeti? Je, takwimu za matokeo zinatenganisha wanawake na wanaume? Je, mwananchi akidhuriwa anajua pa kupeleka malalamiko, na kwa lugha anayoielewa? Na je, mkataba wa mkandarasi unasema nini kitamtokea wafanyakazi wake wakivunja mwiko?

Mradi unaojibu maswali hayo kwa majina, tarehe na fedha una nafasi ya kutimiza ahadi yake. Usioyajibu umetuachia deni pekee, nalo litalipwa na wote.